Kuwasha mashine ya kukunja bati: nyaya, mafuta, na maneno mepesi yenye hatari

Makala za jarida letu huhusu zaidi ushairi, fasihi simulizi, sarufi na lahaja za mji. Hii inahusu mashine, na naileta hapa kwa sababu ya lugha. Karakana moja ya vyuma mjini Lubumbashi ilinunua mashine ya kukunja bati iliyokwisha kutumika Ulaya. Vitabu vyake vilikuja kwa Kiingereza, na kwa Kifaransa kilichotafsiriwa ovyo, hali mafundi wa kuifunga na kuiendesha huzungumza Kiswahili kazini. Mwenye karakana aliomba mtu wa kumwandikia karatasi ya ukaguzi kwa Kiswahili, nikatumwa mimi. Nilikaa majuma mawili na mhandisi aliyesimamia kazi hiyo, pamoja na mafundi wawili wa umeme na mmoja wa mafuta, nikiuliza kila kitu ni nini na kinafanya nini kabla ya kukiandika.

Istilahi nzito hazikutusumbua sana. Neno kama «haidroli» halimdhuru mtu, maana asiyelijua anauliza. Yaliyotusumbua ni maneno ambayo kila mtu anayajua: fungua, funga, hasi, chanya, sufuri, kushoto. Hakuna anayeuliza maana ya «fungua», na kwa hiyo mafundi wawili wanaweza kulisikia kila mmoja kwa namna yake, huku mkono wa mmoja wao uko ndani ya mashine. Nitaeleza kazi yenyewe kwa utaratibu wake, na kila tulipokwama kwenye neno nitasimama kidogo.

Mashine yenyewe

Msomaji asiyewahi kuiona afikirie boriti nzito ya chuma, urefu wa mita tatu, inayoning'inia kwa silinda mbili, moja kila upande. Chini ya boriti kumefungwa kifaa cha juu chenye ncha kali. Mezani kuna kifaa cha chini chenye mfereji wa umbo la V. Bati linawekwa katikati, boriti inashuka, bati linakunjwa. Kadiri ncha inavyoingia zaidi katika mfereji ndivyo pembe ya mkunjo inavyozidi kuwa kali, na kosa la sehemu ya kumi ya milimita linaonekana kwa macho kwenye pembe.

Nguvu inatoka kwa mafuta. Kanuni ni ile ya Pascal tuliyofundishwa sekondari: nguvu ni shinikizo mara eneo. Silinda ya kipenyo cha sentimita 16 ina eneo la karibu sentimita za mraba 200. Ukiipa mafuta yenye shinikizo la bar 250, inasukuma kwa nguvu ya karibu kilonyutoni 500, yaani kama uzito wa tani 50. Silinda ziko mbili. Basi ni tani 100. (Mafundi wana utani wao juu ya neno «bar», ambalo mjini lina maana inayojulikana zaidi. «Bar mia mbili na hamsini, nani atazimaliza?»)

Lakini nguvu peke yake haikunji bati vizuri. Boriti lazima isimame mahali palepale kila mara, na pande zake mbili zishuke pamoja. Kwa hiyo kila upande una rula ya kielektroniki inayosoma boriti iko wapi, na vali inayopitisha mafuta mengi au machache kulingana na amri ya umeme. Katikati kuna kidhibiti, kompyuta ndogo ndani ya kabati la umeme. Kazi yake ni kutoa tu: mahali boriti inapotakiwa kuwa, kutoa mahali ilipo sasa. Jibu linaitwa kosa. Kosa likiwa kubwa, kidhibiti kinaiambia vali ifunguke zaidi. Likipungua, vali inafungwa pole pole. Likifika sufuri, boriti inasimama. Hesabu hiyo hurudiwa mara nyingi katika kila sekunde, upande wa kuume na upande wa kushoto.

Hasi iliyo njema

Mzunguko huo kwa Kiingereza na Kifaransa una jina linalotafsirika moja kwa moja kuwa «mrejesho hasi». Jina linatokana na alama ya kutoa: kipimo kinarudishwa kikiwa na alama hasi, ili kipunguze amri. Wazo hili lilipata umaarufu kwa wahandisi wa simu tangu mwaka 1927, wakati Harold Black wa Bell Labs nchini Marekani alipogundua jinsi ya kutumia mrejesho wa namna hiyo kutuliza vikuza sauti.

Sasa mwambie fundi: «Hakikisha mrejesho ni hasi, ukiwa chanya, zima mara moja.» Fundi anayesikiliza redio, au aliyewahi kuhudhuria semina yoyote mjini, anajua kwamba chanya ni kizuri na hasi ni kibaya. Walimu hutoa «mrejesho chanya» kwa mwanafunzi aliyefanya vizuri. Tulipojaribu sentensi hiyo kwa mafundi, mmoja alisema waziwazi kwamba ana hakika nimegeuza maneno.

Tazama kinachotokea alama ikigeuka kweli. Katika mashine hii nambari ya rula ni umbali kutoka kwenye kifaa cha chini: boriti ikipanda nambari inakua, ikishuka inapungua. Tuseme boriti iko 150, nawe unaiamuru ishuke hadi 140. Kosa ni milimita 10, na kidhibiti kinafungua vali kidogo upande wa kushuka. Kama nyaya za rula zimegeuzwa, boriti inashuka lakini nambari inasoma 151, kisha 152. Kidhibiti kinaona kosa limekuwa 11, kisha 12. Kinadhani boriti inakwenda mbali, na kinafungua vali zaidi upande uleule wa kushuka. Kadiri boriti inavyoshuka ndivyo kinavyoisukuma ishuke. Katika mashine nyingi za aina hii mwendo wa haraka wa kushuka hufika milimita 100 kwa sekunde au kupita. Nafasi ya milimita 150 inakwisha kwa sekunde moja na nusu, na aliyeweka mkono humo ili kunyoosha bati hana muda wa kufikiri.

Vidhibiti vya kisasa vina ulinzi dhidi ya jambo hili: kosa likipita kiasi kilichowekwa, mashine inajizima. Ni ulinzi mzuri, lakini ni wavu wa mwisho, na nambari ya wavu huo huwekwa na binadamu yuleyule anayefunga nyaya.

Katika karatasi niliandika «mrejesho wa kupinga» na «mrejesho wa kusukuma». Mrejesho wa kupinga unapinga kosa. Wa kusukuma unalisukuma likue. Mwalimu mmoja wa Kitivo aliposoma rasimu alinionya kwamba istilahi ya hisabati haiwezi kubadilishwa kila karakana, na kwamba mwanafunzi wa uhandisi atakayesoma «mrejesho hasi» katika kitabu lazima alikute neno hilohilo mahali pote. Kwa kitabu cha chuo nakubali. Kwa karatasi inayobandikwa ndani ya mlango wa kabati la umeme, na inayosomwa na mtu ambaye kidole chake kiko juu ya kitufe, sikubali, na mhandisi alikuwa upande wangu.

Nyaya kwanza, mafuta baadaye

Utaratibu mzima wa kuandaa mashine kama hii una sheria moja ya msingi: nyaya zote zikaguliwe kabla mafuta hayajapata shinikizo. Umeme wa amri ni mdogo, kwa kawaida volti 24, na kosa lake likijulikana mapema halimuumizi mtu. Kosa hilohilo likikutana na tani 100 ni jambo jingine.

Kabla ya hapo, boriti inategemezwa kwa vipande vya chuma vilivyosimamishwa mezani, maana inaning'inia, na mafuta yakivuja yenyewe inaweza kushuka pasipo umeme wowote. Kisha swichi kuu inazimwa na kufungwa kwa kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwa anayefanya kazi. Kisha anapima kama kweli hakuna umeme, na hapa kuna desturi niliyoipenda. Mita inajaribiwa kwanza mahali panapojulikana kuwa na umeme, halafu mahali anapotaka kugusa, halafu inarudishwa kule penye umeme. Bila hivyo, mita iliyokufa itakuambia kwamba waya umekufa.

Sasa nyaya zinafuatwa moja moja kwa kulinganisha na mchoro. Watu wawili hufanya kazi hii, mmoja kwenye kabati, mwingine kwenye mashine. Wa kabatini anataja namba, wa mashineni anairudia, anagusa mwisho wa waya, mita inalia. Niliwasikiliza siku nzima. Wanataja namba kwa Kifaransa, sababu namba ndefu za Kiswahili zinachukua muda na «sita» na «saba» hazitofautiani sana katika kelele za karakana. Nilikuwa nimepanga kuandika namba kwa maneno ya Kiswahili. Niliziacha tarakimu, kila mtu azisome atakavyo.

Waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano, unapimwa kutoka kila kipande cha chuma kinachogusika hadi kwenye kabati. Halafu unakuja upimaji wa ganda la nyaya za nguvu. Kiwango cha kimataifa IEC 60204-1 kinataka jaribio la volti 500 za mkondo mnyoofu, na ukinzani usiopungua megaomu 1. Kadi za kidhibiti na rula lazima ziwe zimechomolewa kabla ya jaribio hilo, la sivyo volti 500 zitaziua. Mstari huu niliandika kwa herufi nzito.

Funga ili upite

Hapo ndipo tulipokutana na «funga» na «fungua». Kwa fundi wa mafuta, kufungua vali ni kuacha mafuta yapite, na kuifunga ni kuyazuia. Kwa fundi wa umeme mambo ni kinyume: mzunguko ukifungwa umeme unapita, ukifunguliwa umeme unakatika. Kifaransa na Kiingereza vina kinyume hikihiki, lakini sisi tumeongeza letu. Nyumbani tunasema «fungua redio» tukitaka ilie. Kwa hiyo mtu yule mmoja, kwa kitenzi kile kimoja, asubuhi anawasha redio na mchana anakata umeme.

Kitufe chekundu cha dharura kinaonyesha uzito wa jambo hili. Ndani yake kuna mguso ambao vitabu vinauita, kwa tafsiri ya neno kwa neno, «uliofungwa kawaida». Fundi kijana alielewa kwamba ni mguso ambao kwa kawaida haufanyi kazi. Ukweli ni kwamba umeme unapita humo muda wote mashine inapofanya kazi, na kitufe kikibonyezwa unakatika. Ulichaguliwa hivyo kwa makusudi: waya wa kitufe ukikatika, au panya akiula, mashine inasimama kana kwamba mtu amebonyeza. Mguso wa namna ya pili, unaopitisha umeme pale tu unapobonyezwa, ungekaa kimya waya wake ukiwa umekatika, na siku ya kuhitajiwa usingefanya chochote. Mtu akibadilisha mguso mmoja kwa mwingine kwa sababu ya neno, mashine itawaka vizuri, pengine kwa miaka.

Katika karatasi nimefuta «funga» na «fungua» kabisa kwa upande wa umeme. Nimeandika «inapitisha» na «inakata». Mguso wa kitufe cha dharura ni «mguso unaopitisha usipobonyezwa». Ni jina refu, na halina uzuri wowote.

Sufuri ngapi?

Kwenye mafuta kuna kihisi kinachopima shinikizo na kupeleka habari kwa mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20. Msomaji atauliza kwa nini isianzie sufuri. Hesabu ni hii: kihisi cha bar 0 hadi 400 kinatoa miliampea 4 pasipo shinikizo, na 20 kwenye bar 400, bar 250 ni miliampea 14. Mita ikisoma 0, hilo si shinikizo lolote, ni waya uliokatika. Kihisi cha volti 0 hadi 10 hakina uwezo huo. Waya wake ukikatika kidhibiti kinaweza kusoma sufuri, na kuamini kwamba hakuna shinikizo mahali penye bar mia mbili.

Kwa hiyo sufuri ya shinikizo ni 4. Fundi mkubwa aliposikia hivyo aliniuliza: «Zero gani tena, papa? Ziko ngapi?» Tukazihesabu. Kuna sufuri ya volti, ambayo ni kituo cha waya ambapo vipimo vyote vinaanzia. Kuna sufuri ya vali, pale pistoni yake ndogo inaposimama katikati na mafuta hayaendi upande wowote. Hii mara nyingi haipatani kamili na volti sufuri, na inarekebishwa. Kuna sufuri ya rula, mahali tulipoamua kuanza kuhesabu milimita. Na kuna sufuri ya shinikizo. Mtu akisema «rudisha kwenye sufuri» bila kutaja ipi, amesema mambo manne. Karatasi haina sufuri isiyo na jina la pili.

Nyaya za ishara, zile zinazobeba volti kumi au chini ya hapo kwenda kwenye vali, hupitishwa mbali na kebo ya mota, na zimezungushiwa wavu wa kinga dhidi ya kelele za umeme. Kama wavu huo uungwe na ardhi mwisho mmoja au miisho yote miwili, watengenezaji hawakubaliani, na mtu afuate kitabu cha mashine yake.

Kushoto kwa nani

Rula zinakaguliwa kabla ya mafuta. Umeme wa amri unawashwa, pampu inabaki imezimwa kwa kufuli, na kisomaji cha rula kinafunguliwa skrubu na kusogezwa kwa mkono, juu, kisha chini, huku mtu mwingine akitazama kioo cha kidhibiti. Maswali ni mawili: nambari inakua kikipanda? Na ni nambari ya upande upi?

Swali la pili ni gumu kuliko linavyoonekana. Kidhibiti kinaita pande Y1 na Y2. Mchoro unasema kushoto na kulia. Lakini fundi wa mafuta hufanya kazi nyuma ya mashine, kwenye tangi, na mwendeshaji husimama mbele. «Mu kushoto yako ao mu kushoto yangu?» ni swali nililolisikia mara nyingi kuliko jingine lolote. Rula zikibadilishana, kila moja inaweza kuhesabu kwa mwelekeo sahihi, lakini kidhibiti kitarekebisha upande wa kuume kwa kutazama wa kushoto. Upande mmoja ukichelewa kidogo, upande usiofaa ndio unaosukumwa, na boriti inainama mpaka inakwama au inapinda. Tuliamua pande ziitwe «upande wa kabati» na «upande wa mlango». Maneno hayo hayatafaa karakana nyingine, na mhandisi alisema hiyo ni sawa kabisa, sababu mashine haitahama.

Katika ukaguzi huo huo tulikuta rula ya upande wa mlango inahesabu kinyume. Waliofungua mashine kule ilikotoka walikuwa wamekata kebo badala ya kuichomoa, na aliyeiunganisha tena alibadilisha jozi mbili za nyaya. Kisomaji kilipanda, nambari ikashuka. Mafundi walitazamana. Kwa dakika kumi za kuunganisha upya nyaya nne jambo likawa limekwisha, pampu ikiwa bado haijazunguka hata mara moja.

Mafuta

Upande wa mafuta una maneno machache na uchafu mwingi. Pistoni ndogo ndani ya vali inateleza katika nafasi ya mikroni chache tu, wakati unywele wa mtu una makumi ya mikroni. Chembe ya vumbi jekundu la kiangazi chetu inatosha kuikwamisha vali ikiwa wazi. Mafuta mapya kutoka kwenye pipa si safi vya kutosha, jambo ambalo wengi hawaliamini. Yanaingizwa tangini kupitia chujio. Usafi wake unapimwa kwa kiwango cha ISO 4406, kinachotoa namba tatu kwa kuhesabu chembe zinazozidi mikroni 4, 6 na 14 katika mililita moja. Kila namba ikiongezeka kwa moja, chembe zimekuwa karibu mara mbili. Kabla ya kufunga vali zenye thamani, mafuta huzungushwa kwa saa nyingi kupitia kibao kilichowekwa mahali pake, mpaka chujio litakapokamata uchafu wa mabomba.

Halafu mwelekeo wa pampu. Mota ya nyaya tatu inazunguka upande wowote kulingana na mpangilio wa nyaya, na pampu ikizungushwa kinyume inaweza kuharibika upesi. Mota inaguswa kwa nusu sekunde tu, na mtu anatazama feni yake kama inafuata mshale. Isipofuata, nyaya mbili kati ya tatu zinabadilishana.

Kwenye vali za shinikizo tulikaa mchana mzima. Kuna vali inayolinda mfumo wote: shinikizo likifika kiwango chake, inafunguka na kurudisha mafuta tangini. Na kuna nyingine inayokaa njiani, ikipeleka shinikizo dogo kwa tawi moja la mashine. Tafsiri tuliyoikuta iliziita zote mbili «vali ya kupunguza presha». Ukimwambia fundi alegeze vali ya kupunguza, naye akalegeza ile ya tawi, mfumo mzima utabaki na bar 250 huku nyote mkiamini uko chini. Kifaransa kinazitofautisha vizuri, na hapo nilikifuata bila aibu: ya kwanza ni «vali ya kikomo», ya pili ni «vali ya kupunguza». Mara ya kwanza pampu inapowashwa, vali ya kikomo iwe imelegezwa hadi mwisho.

Hewa inatolewa silindani kwa kulegeza skrubu za juu mpaka mafuta yatoke bila povu. Mafuta yenyewe hubanika kidogo mno, chini ya asilimia moja kwa bar 100, lakini hewa hubanika sana, na boriti yenye hewa inaruka kama mtu juu ya godoro. Mashine nyingine, si hii, zina pia chupa ya kuhifadhi shinikizo, iliyojazwa naitrojeni. Chupa hiyo haijazwi oksijeni kamwe, kwa kuwa oksijeni na mafuta chini ya shinikizo hulipuka, na inabaki na nguvu hata pampu ikiwa imezimwa.

Jambo moja zaidi. Uvujaji haupapaswi kwa mkono. Uzi mwembamba wa mafuta kwenye bar 200 unapenya ngozi kama sindano, jeraha linaonekana dogo kama la mwiba, na mtu anarudi kazini wakati nyama ya ndani inaanza kuoza. Ni jeraha la kupelekwa kwa daktari wa upasuaji saa ileile, na daktari aambiwe kwamba ni mafuta ya shinikizo. Anayetafuta uvujaji anapitisha kipande cha katoni, amesimama mbali.

Mwendo wa kwanza

Siku ya mwendo wa kwanza hakuna aliyeruhusiwa kukaribia meza. Vali ya kikomo ilikazwa kidogo kidogo, kwa shinikizo lililotosha tu kuinua boriti, ambalo ni sehemu ndogo ya lile la kazi. Boriti ilipoinuka, vipande vya chuma viliondolewa kwa fimbo ndefu. Kidhibiti kilikuwa bado hakisahihishi chochote. Mhandisi alipeleka volti mwenyewe, nusu volti, kwa vali ya upande mmoja kwa muda mfupi. Kwa kila mguso, mafundi watatu walisema kwa sauti kitu kimoja kila mmoja: upande uliosogea, mwelekeo, na nambari. «Kabati.» «Inapanda.» «Inakua.» Mambo matatu yakipatana na karatasi, alama ya tiki. Yasipopatana, pampu inazimwa kabla ya mtu kuanza kueleza.

Baada ya hapo ndipo mzunguko unaruhusiwa kujisahihisha, kwa kizidisho kidogo. Kizidisho ni kiasi cha volti kinachotolewa kwa kila milimita ya kosa. Kikiwa kidogo, boriti inafika kwa uvivu na kuishia kabla ya mahali pake. Kikiwa kikubwa, inapita, inarudi, inapita tena, na mashine inatetemeka mpaka sakafu inalia. Mhandisi alikipandisha mpaka mtetemo ulipoanza kusikika, akakishusha mpaka ulipotoweka, akakishusha tena kidogo, kwa kuwa mafuta baridi ya asubuhi na mafuta moto ya saa tisa si mafuta mamoja. Halafu shinikizo likapandishwa kwa hatua, na kila hatua ukaguzi ukarudiwa.

Si maneno yangu yote yaliyobaki. «Shinikizo» mafundi walilikataa siku ya kwanza. Wanasema «presioni» na karatasi sasa inasema presioni. «Kidhibiti» wanakisoma lakini hawakitamki. «Mrejesho wa kupinga» wameukata ukawa «inapinga», na kinyume chake «inasukuma», na wameanza kuyatumia kwa mambo mengine pia, kama vile mazungumzo na mwenye karakana kuhusu mishahara. Karatasi ina mistari 31. Imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, na chini yake kuna jedwali lililojazwa kwa mkono: volti ya sufuri ya vali kila upande, kizidisho, presioni ya kikomo, na tarehe. Anayebadilisha nambari yoyote anaandika ya zamani, ya mpya, na herufi za jina lake.